Grenda ilipita mara mbili tu

Sekunde kumi, labda kumi na mbili, sikuhesabu. Nilikuwa nimevaa miwani ya kuazima imejaa mikwaruzo, jasho linaingia machoni, na kichwani nina wazo moja tu, kwamba shingo ya hii fremu ndo ina kutu mbaya kuliko sehemu zote, kwa hiyo niimalize kabla umeme haujakatika. Brashi ya waya ilikuwa inaipapasa tu. Nikaitoa, nikafunga jiwe la kusagia, nikagusa, cheche, nikagusa tena. Chuma kikang'aa kama kijiko kipya.

Nikazima. Nikafuta kwa kidole gumba.

Afu nikakumbuka shingoni huwa kuna nini.

Mnaojua pikipiki najua mshaguna. Namba ya chesesi, ile inayoitambulisha pikipiki. Kwenye hii Honda inagongwa pale pale shingoni, karibu na pua inapopita usukani, na mi nilikuwa nimesimama na grenda mkononi naangalia namba ambayo mwanzo ipo, katikati ipo, na mwisho hamna. Tarakimu 3 za mwisho zimekwenda. Zilikuwa zimeshaliwa na kutu nusu, huo ndo ukweli, lakini kutu ilichukua miaka na bado ikabakiza kitu. Mi nilichukua mpaka kile kilichobakizwa.

Hiyo ilikuwa wiki saba zilizopita. Nimejaribu kuandika hii kitu mara tatu nikafuta.

## Fremu ya bei ya kilo

Niliikuta Igoma, hapa Mwanza, kwa jamaa wa skrepa, iko chini ya mabati na masufuria yaliyotoboka, haina injini, haina matairi, tangi limebonyea kama limekaliwa na ng'ombe. Nilijua ni Honda CG125 kwa kuangalia tu. Yule kijana akaitupa kwenye mizani, akanitajia bei ya kilo kama anauza nondo, nikalipa bila kupatana, nikaona aibu kwamba sikupatana, nikaibeba kwenye guta mpaka Kitangiri.

Kwa nini CG? Hapa nitajichelewesha kidogo, mnivumilie.

Honda waliitoa hii pikipiki 1976, na waliitengeneza wakifikiria watu kama sisi, yaani nchi ambazo pikipiki inabeba mizigo, oili inabadilishwa mtu akikumbuka, na barabara ni vumbi miezi sita na tope miezi iliyobaki. Injini zao nyingine za wakati ule zilikuwa na cheni ndogo ya kuzungusha kemushafti, ile shafti inayofungua vali, juu kwenye hedi. Kwenye CG wakaondoa hiyo cheni, kemushafti wakaiweka chini, vali zikawa zinasukumwa na vifimbo viwili. Teknolojia ya kizamani, wamerudi nyuma makusudi, kwa sababu vifimbo havina cheni ya kulegea. Afu Wachina wakaiga. Simama Buzuruga saa 12 asubuhi usikilize boda zinavyowashwa, zile za Kichina nyingi injini yake ni mjukuu wa hii hii. Watu wanapanda kila siku na hawajawahi kuiona bibi yao.

Mi nilitaka kumuona bibi. Ndo hivyo tu, sikuwa na mpango mwingine.

## Chini ya silva kuna bluu

Rangi ya juu ilikuwa silva ya mabati, imepakwa kwa brashi, unaona mpaka nywele za brashi zimegandia mle. Nikapaka dawa ya kubandua, nikasubiri, ikajikunja kama ngozi ya maziwa. Chini bluu. Chini ya bluu kuna nyekundu iliyofifia ikawa kama udongo wa Geita, na chini kabisa, sehemu ambazo msasa haukuwahi kufika, nyeusi ya kiwandani, ngumu balaa.

Sehemu ya betri ndo nilipata huzuni. Betri za zamani zile za maji, asidi ikimwagika inashuka kwenye bomba la chini yake na inakula taratibu, na mwenye pikipiki haoni kwa sababu kuna kava. Ukigonga kwa nyundo ndogo unasikia. Bomba zima linalia kama kengele, bomba lililoliwa linasema "dufu". Nikagonga fremu nzima kama daktari anagonga mgongo. Dufu mbili.

Vitu vidogo, bolti, mabano, stendi, niliviogesha kwa magadi. Msicheke, hii inafanya kazi. Ndoo ya plastiki, maji, magadi yale ya kupikia maharage, chaja ya betri. Kitu chenye kutu unakifunga upande hasi, upande chanya unafunga kipande cha chuma cha kawaida usichokihitaji, unaacha usiku kucha. Asubuhi kutu imegeuka tope jeusi unalisugua kwa mswaki. Ila usiweke stenlesi upande chanya, inatoa sumu ndani ya maji, na usifanyie chumbani kwa sababu ile gesi inayopanda kwa mapovu ni haidrojeni, cheche moja tu unaruka na ndoo yako. Fremu nzima ingehitaji pipa la lita 200 limepasuliwa kwa urefu. Sikuwa nalo. Ndo maana nikashika grenda.

Angalia nilivyojitetea hapo. Sikuwa na pipa, ndo maana. Hapana. Nilishika grenda kwa sababu nilitaka kuona chuma kinang'aa siku ile ile.

## Mafuta ya taa na chaki

Fundi wangu yuko Mabatini, mzee mmoja hana maneno mengi, ukimsalimia anaitikia huku anaangalia kitu ulichobeba. Nilimpelekea fremu siku nne baada ya lile tukio. Namba sikumwambia. Nilizungushia tepu pale shingoni kama jeraha.

Akaiweka chini, akazunguka, akaonyesha kwa bisibisi bomba linaloshuka kutoka shingoni. "Hapa walichomelea."

Nilikuwa nimeona. Palikuwa na uvimbe wa rangi ya dhahabu, shaba ya kuyeyushia kwa gesi, kazi nzuri tu ya mtu wa zamani mwenye mkono mtulivu. Nikamwambia naipenda ile, ni historia, tuiache, tupige tu bodi fila, ile lipu ya kuziba mabonde ya bati, kidogo pembeni pale palipochimbika ili rangi ikae vizuri.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu, fila ni ya boneti. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, si ndiyo? Hapa inageuka. Ukiuziba ndo utajenga ukuta."

Akachukua mafuta ya taa akapaka kuzunguka ile shaba, akaniambia nirudi kesho. Kesho yake akafuta mpaka pakakauka kabisa, akasaga chaki ya shule kwenye kifuniko, akapuliza unga pale juu, tukakaa tunakunywa kahawa. Baada ya muda ukatokea mstari. Mwembamba kama unywele wa mtoto, umelowa, unapita pembeni ya shaba, siyo kwenye shaba yenyewe, kama sentimita 2 hivi. Mafuta yaliyokuwa yameingia kwenye ufa usiku yalikuwa yanarudi juu yananyonywa na chaki.

Mi niliangalia pale pale wiki tatu na taa ya simu sikuona kitu.

Akanieleza kwa nini pembeni. Shaba yenyewe haikukatika, kilichochoka ni chuma cha jirani yake kilichopata moto siku ile kikapoa, afu kikatikiswa miaka. Na huwezi kuchomelea kwa umeme juu ya shaba, ikiyeyuka inaingia ndani ya chuma na kukipasua, kwa hiyo aidha unarudia na shaba au unaitoa yote mpaka chembe ya mwisho. Yeye alikuwa anataka kuitoa yote.

Hapo nilibishana. Nilibishana sana aisee, mpaka vijana wake wakawa wanacheka. Nikamwambia kazi ya mtu haifutwi hivi hivi. Nilisema hivyo, mi, mwenye tepu shingoni kwa fremu.

Akatoboa tundu la milimita 3 kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kutembea, akatoa shaba kwa tupa, taratibu, karibu siku nzima, akachomeka bomba dogo ndani ya bomba, akachomelea vipande vifupi vifupi, huku kidogo, anageuza, kule kidogo, ili joto lisiivute fremu upande mmoja. Mwisho akafunga uzi kuanzia shingoni mpaka nyuma kunakokaa tairi akaangalia kwa jicho moja. Alipomaliza akabandua tepu yangu bila kuuliza.

Kimya.

"Ulitumia jiwe," akasema.

## "Nigongee?"

Hakunigombeza. Alifungua droo akatoa boksi la mbao lenye vigongeo vya namba, 0 mpaka 8, ile 6 ikigeuzwa inakuwa 9. Akasema kama una kadi ya pikipiki lete, nagonga dakika tano, nani atajua.

Nani atajua. Hilo swali nilienda nalo nyumbani.

Maana ukifikiria, kuna ubaya gani? Siyo pikipiki ya wizi. Namba ni ile ile, naandika tu upya kilichokuwepo, kama mtu anavyopaka rangi maandishi ya kaburi yaliyofutika. Lakini anayegonga namba ya wizi naye anatumia vigongeo hivyo hivyo, na askari akiinama pale shingoni hawezi kuona nia yangu, anaona namba mpya kwenye chuma cha zamani. Afu kuna kitu kingine ambacho sikukisema kwa mtu. Nilitaka kugongewa ili nisahau. Siyo kwa ajili ya kadi wala askari. Nilitaka niangalie pale nisione nilichofanya.

Na kadi sikuwa nayo.

## Ng'ambo

Yule kijana wa skrepa alikumbuka. Alisema iliuzwa na dogo mmoja anatokea Sengerema, akanitajia kijiji. Nikaenda Jumamosi. Zamani safari hiyo ungeimaliza kwa kusubiri kivuko Kigongo huku unakula mahindi ya kuchoma na kuangalia foleni, sasa hivi kuna daraja, tangu Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, unavuka kabla hujamaliza kufungua karanga. Nilikuwa nataka kusubiri siku hiyo. Nilikuwa bado sijapanga cha kusema.

Nilichokuwa nimekipanga kichwani ni hivi: nitamkuta mzee, nitamuonyesha picha kwenye simu, atanyamaza, atatokwa na machozi, atasema ee kumbe bado ipo. Msinicheke. Wote mngepanga hivyo.

Nikamkuta amekaa nje chini ya mwembe. Mwadila, baba, nikamsalimia Kisukuma. Akaitikia, akaniita mwanangu, nikaletewa kiti na maji. Alikuwa bwana pamba, anazunguka vijijini kukagua mashamba, pikipiki alikopeshwa kazini akakatwa kwenye mshahara mpaka ikawa yake. Nikamuonyesha picha.

"Enhe," akasema. "Hii shetani bado ipo?"

Yule dogo aliyeiuza ni mjukuu wake, na hakuiba. Yeye mwenyewe ndo alimwambia aipeleke kwa kilo.

Akapandisha suruali mguu wa kulia. Chini ya goti mfupa umepinda, umeunga vibaya. Alianguka kwenye karavati msimu wa mvua, amebeba gunia la mbegu nyuma, mguu ukavunjika na fremu ikavunjika, siku moja, sehemu moja. Fremu ikapelekwa Mwanza mjini ikarudi baada ya siku mbili. Mguu ulichukua miezi mitano.

"Pale walipotia shaba," akasema, "umepatoa?"

Nikamwambia nimepatoa, fundi kapatoa.

"Afadhali. Wangu huu hamna wa kuutoa."

Akacheka, na mi nikacheka, lakini nilikuwa namuwaza yule fundi wa Mabatini nilivyombishia mbele ya vijana wake kuhusu historia.

Kadi aliitoa kwenye sanduku la bati, imefungwa ndani ya nailoni mbili na raba. Namba yote ipo, imeandikwa kwa mkono, wino umegeuka kahawia. Nilitaka kuipiga picha tu niondoke. Akakataa. Akasema vitu haviendi hivyo, tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji tukaandikishana mauziano, mashahidi wawili, mhuri, na akanidai elfu ishirini ambazo sikuzitegemea. Nikatoa. Wabeja sana, baba.

## Kinachobaki chini

Ningeweza kwenda moja kwa moja Mabatini siku hiyo hiyo. Kadi ninayo, vigongeo vipo.

Badala yake nikampigia rafiki yangu anafundisha kemia sekondari. Ni yeye aliwahi kuniambia, kwenye maongezi ya ovyo tu, kwamba namba ikigongwa kwenye chuma haiishii pale unapoiona. Nyundo inakandamiza chuma cha chini pia. Ukisaga juu mpaka pakawa laini, kile cha chini bado kimebanwa, na ukipaka dawa inayokula chuma, sehemu iliyobanwa inaliwa tofauti na jirani zake. Polisi wa upelelezi wanatumia hiyo njia kwenye magari na bunduki.

Akaja na kichupa, kloridi ya shaba kwenye asidi ya hidrokloriki, glavu, pamba. Tukafanyia nje, upepo mgongoni. Nilipapiga msasa wa 400, afu 600, afu 1000 mpaka pakawa kioo, na kila nilipopiga nilikuwa naogopa kwamba namalizia kufuta kilichobaki. Akachovya pamba akafuta. Hamna. Akafuta tena. Hamna. Dakika kama ishirini tunafuta, hatuongei, jirani anatuchungulia juu ya ukuta anafikiri tunapika kitu kibaya.

Afu ikaja 4. Nawaambia ikaja, siyo kama maandishi, kama kivuli cha kitu kilichopo nyuma ya pazia. Ikafuata 7. Ya tatu ilikuwa mkunjo juu na mkunjo chini, inaweza kuwa 3, inaweza kuwa 8.

Kadi inasema 8.

Nikainama tena nikaona 8. Au niliona 8 kwa sababu nilikuwa nimeshasoma kadi, hilo sijui mpaka leo, na mwalimu nilipomuuliza yeye kaona nini alisema yeye kaona 3 lakini macho yake siyo mazuri. Tulipiga picha. Kwenye picha hakuonekani kitu, kuna chuma na doa. Tukaosha kwa maji ya magadi kuua asidi, nikapaka oili, kivuli kikaondoka.

## Ufuta

Rangi nitaisimulia haraka maana ni aibu nyingine. Kupeleka Dar wakaipake ile rangi ya unga inayookwa kwenye joto la nyuzi 180 na kitu, zaidi ya kilomita 1,000 kwenda tu, hapana. Nikapuliza mwenyewe, praima ya epoksi, siku mbili, afu nyeusi ya kuchanganya na hadina, ile ambayo petroli ikimwagika haiyeyuki. Nilipuliza jioni kwa sababu vumbi limetulia. Nikawasha taa. Mwezi ulikuwa ndo unaandama.

Watu wa ziwani mshajua.

Wale wadudu wa ziwani wanaotoka mwezi ukiandama walikuja kama moshi kutoka upande wa Kirumba, nikazima taa nikiwa nimechelewa. Asubuhi fremu ilikuwa kama mkate wa ufuta. Msasa wa maji, kuanzia mwanzo, safari hii saa 4 asubuhi, na imetoka vizuri kuliko nilivyostahili.

Ila shingoni sikupaka. Kuna kipande kama ukubwa wa kiberiti kiko wazi, nimekizungushia mpaka mnyoofu kwa tepu kabla ya kupuliza. Fundi alikuja kuiona, akazunguka kama kawaida yake, akaweka kidole pale akaniambia boksi bado liko kwenye droo. Nikamwambia kwanza niende na kadi na yale mauziano kwa wakaguzi, niseme nilichofanya, waamue wao kama namba inagongwa upya na nani aigonge. Akasema utazungushwa. Najua. Nilisema naenda Jumatatu, na Jumatatu zimeshapita tatu.

Injini nimepata, ya Mchina, imekaa kwenye mabano yake bila kulazimisha hata bolti moja.

Chuma kilicho wazi Mwanza hakikai. Siyo chumvi kama Dar, ni huu ubaridi wa asubuhi unaopanda kutoka majini. Kila Jumamosi nafuta kile kipande kwa kitambaa chenye oili. Jana kitambaa kimetoka na rangi ya chai.